Droni ya harusi haikagui nyumba, na ruhusa nayo isiwe safari ya Hijja

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme hili jambo la droni maana nnaona linakwenda ovyo ovyo na mwisho wake tutaharibiana kazi sote. Siku hizi hapa mjini Zanzibar mtu nyumba yake ikivuja au ukuta ukianza kupasuka kule juu asikofika, hamwiti tena fundi na ngazi, anamwita yule yule kijana aliyerikodi harusi ya mtoto wake. Kijana anakuja, anairusha, inazunguka zunguka juu ya bati, jioni mwenye nyumba anatumiwa video kwa WhatsApp ina na muziki chini yake, basi ashaamini nyumba yake imekaguliwa. Haijakaguliwa hata kidogo, imepigwa picha tu.

Na nisieleweke vibaya, mie ni fundi wa majengo, nakagua na kutengeneza, na droni naipenda, sio kwamba nalinda ngazi zangu. Nyumba ya ghorofa tatu ya Mji Mkongwe, kule Kiponda au Sokomuhogo, kuizungushia mirunda ni pesa, ni siku, na kichochoro chenyewe hata mkokoteni unapita kwa shida. Kumpandisha kijana wa watu juu ya bati lililoliwa na kutu, na chini yake hujui boriti zina hali gani, hiyo ni kumtafutia mtu balaa. Tunakumbuka sote Beit al Ajaib, jengo la Sayyid Barghash la mwaka 1883, tarehe 25 Disemba 2020 upande mmoja ukaja chini matengenezo yakiwa yanaendelea, na watu wawili wakafa pale. Sisemi droni ingelizuia lile. Nnachosema majengo haya ya mawe ya matumbawe na chokaa na boriti za mikoko yanataka kutazamwa juu kila baada ya masika, na droni ikitumiwa na mtu anaejua anachotafuta inakuonyesha kwa asubuhi moja vitu ambavyo zamani ungevijua siku dari ishakuangukia.

Tatizo ni kujua unachotafuta, na kujua kama kamera yako inaweza kukiona.

Watu wanakumbuka ule mradi wa 2016, Kamisheni ya Ardhi na SUZA, chuo kikuu chetu cha Taifa, kwa msaada wa Benki ya Dunia walipoipiga picha Unguja yote na Pemba yote kwa zile droni zenye mabawa, eBee. Kazi kubwa ile, na vijana wetu wenyewe ndio walioirusha. Lakini picha zile pikseli moja, yaani ile nukta moja ya picha, ni kama sentimita 7 za ardhi. Kwa kuhesabu mapaa, kuona nani kajenga bondeni, kupanga njia, safi kabisa. Ufa wa milimita 5 ndani ya pikseli ya sentimita 7 huuoni hata uivute picha mpaka ichanike. Kwa hivyo mtu akikwambia "hii droni inapiga picha kali" muulize kali kwa umbali gani.

Hesabu yenyewe sio ngumu na nnaiandika hapa kwa sababu sijaiona imeandikwa kwa Kiswahili mahali. Chukua DJI Mini 4 Pro, ambayo vijana wengi wanayo. Lenzi yake ni pana, milimita 24 kwa hesabu ya kamera za filamu. Ukikaa mita 10 kutoka ukutani picha yako inakamata ukuta wa mita 14 na kitu kwa upana, na picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4,032 kwa upana. Gawa. Pikseli moja inakula milimita 3 na nusu za ukuta. Sasa ufa wa milimita 1 hapo utauona wapi, utaona kama kivuli, na pengine ni uzi wa buibui au mstari wa brashi. Sogea mita 5 unapata milimita 1.8, afadhali, lakini mita 5 kutoka ukutani na kusi linavuma kutoka baharini ni roho mkononi, droni ya gramu 249 inasukumwa kama kishada. Chukua sasa droni yenye lenzi ya kuvuta, mfano Mavic 3 Pro ina lenzi moja ya milimita 70, pale pale mita 10 pikseli moja inakuwa milimita 1.2 hivi, na upo mbali na ukuta umetulia. Ndio maana nasema mtu anaetaka droni ya kukagulia majengo atazame lenzi ya kuvuta kwanza, na kuvuta kwenyewe kuwe kwa lenzi. Ule wa kidijitali ni kukuza picha ile ile tu.

Kwa nini nahangaika na milimita? Kuna jedwali la BRE, taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza, ambalo mainjinia wengi wanalifuata, linasema ufa mpaka milimita 0.1 ni unywele tu, mpaka 1 unafunikwa na rangi, mpaka 5 ni mdogo bado, 5 mpaka 15 hapo unaanza kuita watu, na ukipita 25 jengo lenyewe linaweza kuwa limeshapoteza usimamaji wake. Ukuta wetu wa chokaa una tabia zake, unacheza cheza na unyevu bila ya kuvunjika, kwa hiyo jedwali lile mie nalitumia kwa akili. Lakini tofauti baina ya ufa wa 2 na wa 6 lazima uijue, na kama kamera yako kwa umbali ule haiwezi kuitofautisha basi ripoti yako ni hadithi.

Jengine, piga picha za mnato, sio video. Video ya 4K ukiisimamisha kila fremu ina megapikseli 8 tu na zimebanwa, na droni ilikuwa inatembea kwa hiyo picha imeteleza. Simama, tulia, piga, sogea kidogo, piga tena, picha ya pili iingie ndani ya ya mwanzo. Alafu usizitume WhatsApp kama picha, WhatsApp inazibana tena, zitume kama faili au mpe mtu kwenye flashi. Ushaona mtu kanunua droni ya mamilioni ripoti kaituma imebanwa haionekani kitu, masikini.

Kitu chengine watu hawakiangalii wakati wa kununua ni kamera inainuka juu kiasi gani. Droni nyingi zimetengenezwa zitazame chini, kwa mandhari. Roshani inaoza kwa chini. Zile bao zinazobeba roshani, vichwa vyake, pale zinapoingia ukutani, ndipo maji yanapokaa, na kule kwa juu roshani inaweza kuwa imepakwa vanishi inang'ara. Mini 3 Pro na Mini 4 Pro kamera yao inainuka mpaka digrii 60 juu, unakaa chini ya roshani unaitazama tumboni. Mavic 3 Enterprise ambayo ni ghali zaidi na imetengenezwa kwa kazi hizi hizi inainuka 35 tu. Kwa hiyo bei haikwambii kila kitu, inategemea nyumba ya wapi. Kwa magorofa ya Michenzani yale marefu ya zege, au hoteli za Nungwi na Paje zenye mapaa makubwa, chukua ile ya Enterprise wala usifikirie mara mbili. Kwa roshani za mjini ile ndogo ina faida yake, ukipata siku isiyo na upepo.

Droni ya joto, ile inayoona fukuto, nayo imekuwa fasheni. Mavic 3 Thermal ina kamera ya joto ya pikseli 640 kwa 512. Inafaa sana kwa dari za chokaa na za zege kutafuta maji yalipojificha, maana penye maji panapoa na kupata joto tofauti na pakavu, jioni jua linaposhuka doa linajitokeza. Lakini kwenye bati haikwambii ukweli, bati linaakisi anga, utaona baridi ya mawingu ukadhani ni unyevu. Nshaona ripoti moja imejaa rangi za zambarau na manjano nzuri kweli kweli, yote ni bati na mbingu. Mwenye nyumba alikuwa ashanunua bati mpya.

Sasa kurusha kwenyewe mjini. Vichochoroni satelaiti zinapotea, droni haijui tena ilipo, inaanza kuelea na upepo mpaka uishike kwa mkono. Nondo na bati zinaitia wazimu dira yake. Nyaya za umeme na za simu, zile zilizopita pita kama utando, sensa zake za kuzuia kugonga hazioni waya mwembamba, msijidanganye na tangazo. Na ile "kurudi nyumbani" ya wenyewe, mawasiliano yakikatika droni inapanda kwanza juu mpaka urefu ulioiwekea ndio inarudi, sasa kama ipo chini ya ukingo wa paa au chini ya roshani inapanda kwenda kugonga nini? Kwa hiyo mie siirushi kichochoroni, naomba kupanda dari ya mtu, naanzia juu, na urefu wa kurudi nauweka juu ya minara iliyo karibu. Asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka.

Alafu kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa hapa miaka ya 1890 ati waje wasafishe taka, ndio walinzi wa anga wa Mji Mkongwe. Wakiwa na makinda hawakubali kitu kuelea karibu. Kwanza anakuja mmoja anaizunguka, anaita, baada ya muda kidogo wapo kumi na kelele zao, na mmoja atajitia ushujaa aidonoe. Ukiona wa mwanzo amekuja, shusha. Usishindane nae.

Tuje kwenye sheria maana hapa ndipo penye kero yangu. Anga ni jambo la Muungano. Ardhi sio, majengo sio. Kwa maana hiyo nyumba ya Mkunazini ipo chini ya sheria zetu za Zanzibar, na ikiwa Mji Mkongwe ipo chini ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji maana mji huu ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, lakini ile mita moja ya hewa juu ya bati lake ipo chini ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa kanuni za 2018 za ndege zinazoendeshwa kwa mbali. Droni inasajiliwa, anaerusha anaomba kibali, na Wizara ya Ulinzi nayo ina neno lake. Na sikatai hata moja. Uwanja wa Karume upo kilomita chache tu kutoka mjini, ndege ndogo za Dar zinapita chini chini kutwa nzima, Ikulu ipo pale Mnazi Mmoja, bandari ipo Malindi. Anaesema kurusha droni mjini iwe huria hajafikiri.

Vijana wana hadithi yao kwamba droni ya chini ya gramu 250 haitaki karatasi. Hiyo wameitoa YouTube. Hata huko Marekani ilikotoka, msamaha ule wa usajili ni kwa anaerusha kwa kujifurahisha, ukiitumia kwa kazi unasajili hata iwe gramu 100, na kukagua nyumba ya mtu ni kazi. Kwetu usiitegemee kabisa hadithi hiyo. Na kama unaagiza kutoka nje, karatasi zitangulie kabla ya mzigo, usije ukaiacha uwanjani ukaiaga kwa mkono. Kata na bima ya kumlipa mtu wa tatu, maana ikianguka kwenye kichwa cha mtu sokoni Darajani hakuna atakaekuuliza lenzi yako ni milimita ngapi.

Lakini kuna ruhusa ambayo haimo kwenye kanuni yoyote na mie naiona ni kubwa kuliko zote. Nyumba zetu zimejengwa kwa sitara. Ua upo ndani, dari ipo juu, mama anakaa huko bila ya buibui lake, anaanika nguo, anasuka nywele, hajapata kufikiria kwamba jicho litapita hewani. Siku moja nipo darini kwa mtu karibu na Malindi, nshairusha, bi mkubwa wa nyumba ya pili akatoka na beseni la nguo, akaitazama droni, akanitazama mie. "Mwanangu, hodi yako iko wapi?" Nikamwambia bibi samahani, nakagua ukuta wa jirani yako, wewe sikupigi. "Na mie ntajuaje? Jicho lenyewe moja, halina hata kope." Nikaishusha, nikateremka nikaenda mlangoni kwake na kuweka salamu, akanipa saa ya kurusha, baada ya yeye kumaliza kuanika. Tangu hapo utaratibu wangu ni huo, sheha, kiongozi wa mtaa, anajua, nyumba zote zinazopakana zinajua jana yake, tena nataka aende mtu kwa mdomo, ujumbe wa simu haitoshi, na picha nikimaliza zile zenye ua wa mtu nazifuta au naziba. Kijana wa harusi hayafanyi haya. Anarusha, na uani kwa watu wanakimbia kujifunika.

Basi nnachotaka kuwaambia wakubwa kupitia gazeti lako ni hiki. Mtu anaetaka kufuata sheria anachoka. Ofisi hii inakwambia suala la anga sio letu nenda kule, kule wanakuuliza una barua ya mwenye jengo, unaipeleka, wanataka ya ofisi ya mwanzo ambayo ishasema sio suala lake. Fomu kwa Kiingereza. Fundi wa Wete, Pemba, mwenye nyumba moja ya kukagua afunge safari ya boti kwa karatasi hizo? Hafungi. Anamwita kijana wa harusi, anarusha kwa dakika kumi alfajiri, wamemaliza. Hao ndio waliojaa hewani sasa hivi, na wanaosajili ni wachache kwa sababu kusajili kunauma.

Fanyeni dirisha moja hapa Unguja na moja Chake Chake, Pemba. Sio kuondoa kibali, kibali kibaki, TCAA wabaki na anga yao na Ulinzi wabaki na neno lao, ila pawe na aina ya kibali cha kazi ndogo: jengo moja, mchana, droni isipande juu zaidi ya mita chache kutoka paa la jengo lenyewe, muombaji awe kasajiliwa na droni yake imesajiliwa, sheha kasaini kwamba majirani wameambiwa. Mjini, Mamlaka ya Mji Mkongwe wawe ndio wanaopokea ombi hilo maana wao wanatoa vibali vya matengenezo tayari, na fundi anaeomba kibali cha kutengeneza paa angeliomba na cha kulitazama paa kwa karatasi hiyo hiyo. Mwaka 2019 droni zilimwaga dawa ya viluwiluwi kwenye mabonde ya mpunga ya Cheju, vibali vilipatikana. Mradi mkubwa ukija kibali kinapatikana. Iwe basi na kwa fundi wa kawaida.

Na fomu iwe kwa Kiswahili, jamani.

Neno moja kwa wenye nyumba. Droni haigongi plasta. Plasta iliyoachana na ukuta ukiigonga na kishikio cha nyundo inalia tofauti, hiyo droni haisikii. Boriti inaoza pale ncha yake inapoingia ukutani, kwa nje iko nzima imepakwa rangi, unaichoma na bisibisi inaingia kama kwenye muhogo uliochemka sana. Hiyo nayo haitoki kwenye picha. Kazi ya droni ni kukuonyesha wapi upeleke ngazi, badala ya kuizungushia nyumba nzima mirunda. Atakaekuja na droni peke yake bila ya nyundo na bisibisi mfukoni, mlipe pesa ya video.

Nawaomba wahusika wanijibu hapa hapa gazetini, kabla ya masika kama inawezekana, maana baada ya mvua ndio simu zinaanza kulia.

Fundi majengo,
Mwembetanga, Unguja